Mbegu ya Kutunza na Mbegu ya Kununua

Igawa, pale barabara kuu iendayo Zambia inapokatiza ukingo wa uwanda wa Usangu, ni mahali pa joto, na joto hilo tayari limeshamwamulia mwenye bustani jambo moja: kabichi yake yaweza kufunga, lakini ni shida kutoa mbegu, kwa kuwa huhitaji majuma ya baridi ndipo ichanue. Basi swali si kama tutunze mbegu au tununue. Swali ni mbegu ipi, na jibu liko kwenye ua. Ua la nyanya hujichavusha lenyewe, hivyo mtoto hufanana na mzazi. Chagua mche wenye afya, acha tunda liive hadi lilegee, kisha kamulia mbegu na majimaji yake kikombeni. Baada ya siku mbili au tatu ule ute unaozuia mbegu kuota utakuwa umechacha. Osha, mwaga zinazoelea, anika zilizozama juu ya sahani kivulini. Boga ni habari nyingine. Nyuki hubeba chavua kutoka shamba la jirani, na matunda ya msimu ujao yaweza kukushangaza. Anayetaka boga lilelile hufunga ua jike jioni kabla halijafunguka, asubuhi hulipaka chavua ya ua dume, kisha hulifunga tena.

Wapo watakaosema mbegu ya dukani huzaa zaidi. Kwa chotara ni kweli mara nyingi, na anayelima kwa ajili ya soko ana sababu ya kuinunua. Ila uzao wa chotara hutawanyika, kwa hiyo kuitunza ni kujidanganya. Wengine huhofia magonjwa, na hofu hiyo ina msingi: baadhi ya virusi na bakteria husafiri na mbegu, ndiyo maana tunda la mche ulionyauka halifai hata likipendeza. Kuhusu sheria, Sheria ya Mbegu ya Tanzania ya mwaka 2003 inalenga mbegu za biashara, si kopo la jikoni; anayetaka kuuza anao utaratibu wa mbegu za kuazimiwa ubora, chini ya ukaguzi wa TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha mbegu. Kwa anayepanda mwenyewe, mkaguzi ni kitambaa kibichi: viringisha mbegu kumi humo, uhesabu baada ya juma. Zikiota nane, pesa ya pakiti imebaki mfukoni. Zikiota tatu, nenda dukani bila aibu.