Uchakataji wa madini: fani inayowahitaji vijana wa Cibitoke

Katika mtaa wa Cibitoke, kaskazini mwa Bujumbura, kijana anayependa vyuma mara nyingi huelekezwa kwa fundi wa kuchomelea mageti. Ni kazi halali na inalisha familia. Lakini ipo fani nyingine ambayo wazazi wachache huitaja: uhandisi wa uchakataji, yaani kugeuza mawe ya mgodini kuwa bidhaa yenye bei.

Mfano hauko mbali. Kabezi, kusini mwa jiji, kampuni ya Rainbow Rare Earths ilijenga mtambo wa kuchakata madini adimu ya mgodi wa Gakara, uzalishaji ukaanza mwaka 2017. Mawe yalipondwa, kisha yakapitishwa kwenye meza zinazotikisika huku maji yakitiririka juu yake. Mchanga mwepesi huenda na maji. Bastnaesiti, yaani jiwe linalobeba madini hayo adimu, lenye uzito wa karibu mara mbili ya kwazi, hubaki. Kinachofanya kazi hapo ni maji, mtikisiko na uzito tu, ila anayeisimamia meza asipojua kiasi cha maji wala mwinamo wake, madini yenyewe humwagika pamoja na tope.

Hata hivyo, kilichotoka Kabezi bado kilikuwa mchanganyiko. Neodimiamu na praseodimiamu, zinazotengenezewa sumaku za magari ya umeme, zilikuwa zimeshikamana na seriamu na lanthanamu. Kuzitenganisha ni kazi ya tindikali na viyeyushi, hatua baada ya hatua, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika China. Huko ndiko bei inakopanda. Mwaka 2021 serikali ya Burundi, ikidai mgao wa haki, ilisimamisha usafirishaji wa madini hayo, kisha shughuli zenyewe za mgodi. Kudai haki ya nchi ni sawa kabisa, lakini amri haitenganishi madini.

Nikeli ya Musongati, humu humu Burundi, ni mtihani mkubwa zaidi. Imo ndani ya udongo wa lateriti, hivyo hudai tindikali nyingi au tanuri zinazokula umeme, tofauti na ile ya Kabanga, ng'ambo ya mpaka, Tanzania, ambayo haimo katika lateriti.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha uhandisi wa metali na uchakataji wa madini, na Burundi imo pamoja na Tanzania katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, hivyo kwenda kusoma huko si ndoto. Mzazi wa Cibitoke, binti yako akiipenda kemia, msimamie, na aanze Kiingereza mapema, maana huko ndicho lugha ya masomo.