Mkasi Haumfanyi Mtu Mkufunzi

"Afande, mkasi nimeshaumudu. Naanza lini kufundisha?" Swali hili huulizwa kila kozi ya uokoaji ikiisha, na nimechoka kuwajibu mmoja mmoja. Mkasi si kipimo.

Askari wengi wa zimamoto wanaamini kwamba bingwa wa kumtoa majeruhi aliyenasa garini ni yule anayekata mlango upesi kuliko wenzake. Imani hii inaua. Mkasi wa haidroliki unakata wenyewe. Wewe unashika swichi tu. Kazi yenyewe iko kabla ya hapo. Gari limewekewa vigingi lisitikisike? Nani ameshika kichwa cha majeruhi? Betri imekatwa? Hata ikikatwa, mfumo wa mifuko ya hewa unaweza kubaki na chaji kwa dakika kadhaa, na mfuko ambao haujafumuka waweza kukufumukia usoni. Ndiyo maana tunakaa umbali wa sentimita 25 hivi kutoka kwenye usukani, na 50 kutoka dashibodi ya upande wa abiria.

Mwanafunzi wangu mmoja, mwepesi kweli, alishaelekeza meno ya mkasi kwenye nguzo ya gari chakavu. Nikamzuia, nikabandua plastiki ya ndani kwa bisibisi. Nyuma yake ulilala mtungi mwembamba wa gesi, ule unaojaza mfuko wa hewa wa pembeni. Angeukata, ungempasukia kifuani. Tukasogea kidogo, tukakata palipo salama.

Mwokoaji akikosea, anaumiza watu wa ajali moja. Mkufunzi akikosea, darasa zima linabeba kosa lake hadi barabarani, miaka na miaka.

Sasa, kwa anayetaka kweli: tumikia zamu za ajali kwanza, tena nyingi. Soma huduma ya kwanza hadi uijue shingo ya majeruhi kama unavyoijua mashine. Pitia kiwango cha NFPA 1006 cha Marekani kuhusu sifa za mwokoaji. Shinda gereji, ufungue magari mapya, hasa haibridi, uzione nyaya za rangi ya chungwa zenye umeme wa kuua. Omba magari chakavu ya mazoezi. Kuwa msaidizi wa mkufunzi, ukubali kusahihishwa mbele ya watu.

Siku utakapoweza kumweleza kuruta kwa nini hapa hatukati, mkasi ukiwa bado chini, njoo tupange ratiba.