Goti la mbwa: kisu si njia pekee

Mbwa mwenye goti bovu hujulikana hata akisimama. Mguu mmoja wa nyuma huuinua kidogo, vidole tu vikigusa chini, na akikaa huutupa pembeni. Wengi hudhani ameteguka tu. Mara nyingi tatizo ni kano ya ndani ya goti, ile inayozuia muundi usiteleze kwenda mbele. Kwa mbwa, kano hii kwa kawaida haikatiki kwa kishindo kimoja kama ya mwanasoka. Huchakaa polepole, uzi mmoja mmoja, hadi siku anaporuka ngazi ikaachia kabisa. Ndiyo maana wengi huja kuumia na goti la pili.

Upasuaji unaosifiwa zaidi, uliobuniwa na Barclay Slocum wa Oregon, Marekani, hukata muundi, ukaugeuza na kuufunga kwa bamba la chuma. Matokeo yake ni mazuri, lakini ni ghali na unataka mikono iliyofunzwa. Asiyeumudu afanyeje?

Mwaka 1984 Peter Vasseur wa Chuo Kikuu cha California alichapisha matokeo ya mbwa 85 ambao hawakupasuliwa. Wa kilo 15 kushuka, takriban asilimia 86 walipona au walipata nafuu. Wazito zaidi, asilimia 19 tu. Tangu hapo ikawa kama sheria: mdogo apumzishwe, mkubwa apasuliwe.

Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2013, ulilegeza sheria hiyo. Mbwa 40 wakubwa, tena wanene, walipewa dawa, mazoezi ya viungo na chakula cha kupunguza uzito. Baadhi yao wakapasuliwa pia. Baada ya mwaka mmoja, tiba ilifaulu kwa asilimia 75 ya waliopasuliwa, na kwa karibu asilimia 64 ya wasiopasuliwa. Kisu bado kiliongoza, ila pengo si kubwa kama ilivyoaminika.

Siri kubwa ni uzito. Mbwa mnene mwenye maumivu ya viungo huanza kupunguza kuchechemea akipungua hata asilimia 6 tu ya uzito wake. Kwa hiyo chakula kipimwe, na makombo ya mezani yakome.

Kisha mapumziko, na hapa ndipo wengi hushindwa. Kwa wiki sita hadi nane mbwa hutoka kwa kamba tu, kujisaidia na kurudi. Hakuna ngazi, hakuna kuruka, hakuna kukimbiza paka. Baadaye matembezi mafupi huongezwa taratibu, na penye vifaa, kutembea ndani ya maji hujenga misuli bila kulielemea goti. Mikanda ya goti ipo pia, lakini ushahidi wake bado ni mwembamba.

Dawa ni za daktari wa mifugo: kaprofeni au meloksikamu, kwa kipimo chake. Diklofenaki na ibuprofeni za duka la dawa za binadamu zisimkaribie kabisa. Hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo, na wapo waliokufa kwa huruma ya namna hiyo.

Goti likilia kwa mlio mkavu kila hatua, au wiki nane zikipita bila nafuu, huenda gegedu la ndani limechanika, na hapo mapumziko hayatoshi. Mrudishe kwa daktari, na kabla ya yote mwombe ampime mbwa wako kwenye mizani.