Mtoto Aliyedhoofika kwa Kuharisha: Kwa Nini Haanzi kwa Kushibishwa

Wanachama wengi wana ndugu na wajukuu Buguruni, mtaa wa Dar es Salaam ulio upande wa Ilala, na mchumo ukisha wako wanaovuka bahari kwenda kukaa huko. Nyumba zimebanana, vyoo vingi ni vya shimo, na mvua kubwa ikinyesha maji machafu huingia majumbani. Watoto huharisha mara kwa mara. Basi tumeona yafaa tueleze jambo liletalo manung'uniko: mtoto kapelekwa hospitali hana nguvu kwa njaa, na wauguzi wampa maziwa mepesi kidogo tu. Jamaa husema, "Wamnyima chakula." Sivyo.

Kuharisha siku nyingi huchubua utumbo, chakula kikapita bila ya kufyonzwa. Mwili nao hupunguza matumizi yake, kama mkulima aliyeishiwa akiba kabla ya mavuno. Moyo hupiga kwa nguvu ndogo na figo hushindwa kutoa chumvi. Wengine hubaki ngozi na mifupa. Wengine huvimba miguu na uso. Huku kuvimba ndiko kwashakoo, jina la Waga wa Ghana lililotangazwa na Dokta Cicely Williams mwaka 1935. Kwao ni maradhi yampatayo mtoto akizaliwa mdogo wake.

Ama mtoto huyo akilishwa sana kwa ghafla, sukari hujaa katika damu, na mwili huisukuma ndani ya seli. Sukari haiingii peke yake. Huvuta na madini ya potasiamu, fosfeti na magnesiamu. Madini hayo yakipungua ghafla katika damu, moyo hushindwa kazi, na mtoto aliyekula vizuri jana huweza kufa leo. Mwaka 1945, wafungwa wa kambi za Ulaya walipofunguliwa, wako walionusurika na njaa wakafa baada ya kula.

Kwa hiyo matibabu huenda kwa daraja. Kwanza hupewa maziwa yaitwayo F-75, yenye kalori 75 katika mililita 100, kila baada ya saa 2 au 3, usiku na mchana. Usiku usirukwe, kwani sukari ikishuka na mwili ukapoa mtoto huweza kufa usingizini. Dawa ya madini ya chuma haitolewi siku hizo, na maji ya mshipa hayatiwi ovyo, kwani moyo dhaifu huyashindwa. Hamu ya kula ikirudi na uvimbe ukianza kupungua, kwa kawaida ndani ya siku 2 hadi 7, huhamishiwa F-100 au siagi ya karanga ya dawa, naye huanza kunenepa.

Twawaomba wanachama wayashike haya. Mtoto anayeharisha kwa kawaida asinyimwe chakula: aendelee na ziwa na uji, apewe maji ya chumvichumvi, pakiti moja kwa kipimo cha maji kilichoandikwa juu yake, na vidonge vya zinki siku 10 hadi 14. Lakini mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 ambaye utepe wa mkono waonyesha chini ya sentimita 11.5, au mtoto yeyote ambaye miguu yake miwili yabonyea kwa kidole gumba na shimo likabaki, apelekwe upesi. Kwa walio Buguruni, Hospitali ya Amana haiko mbali. Njiani afunikwe, anyonye, na apewe kidogo kidogo maji ya sukari: kijiko kimoja cha chai cha sukari katika vijiko vitatu vikubwa vya maji.

Tena tuache kusema mtoto kabemendwa. Neno hilo humtia mama haya, akamficha mwanawe ndani mpaka wakati umepita. Mtoto huyo ana maradhi yenye dawa, na dawa yenyewe yataka subira yetu sote.