Miguu imepooza, baiskeli inaenda

OKTOBA 2016, pale Kloten, Uswisi, Mmarekani Mark Muhn alishinda mbio za baiskeli za mita 750 kwenye mashindano ya Cybathlon. Ni kama kutoka goli hadi goli mara saba, kwa miguu iliyopooza.

Siri ni umeme. Uti wa mgongo ukiumia, amri ya ubongo haifiki miguuni, lakini mara nyingi misuli na neva zake bado zinafanya kazi. Kifaa kidogo kinaishtua misuli ya mapaja na makalio kwa zamu, pedali inazunguka. Muhn alipandikizwa nyaya mwilini; wengi hubandika tu vibandiko kwenye ngozi.

Kazi ngumu iko nyumbani. Misuli iliyolala hunywea na kuchoka haraka, hivyo inataka mazoezi ya wiki nyingi, na si kila mtu ana nauli ya kwenda kliniki kila mara. Mgonjwa anafundishwa kwanza, kisha mtaalamu anamfuatilia kwa simu ya video: leo ongeza umeme, kesho pumzika.

Lakini kocha huyo yuko mbali, na mchezaji hasikii maumivu. Ngozi inaweza kuungua asijue. Aliyeumia sehemu ya juu ya mgongo, presha inaweza kupanda ghafla; kichwa kikigonga na jasho likitoka, mashine izimwe. Ndiyo maana lazima awepo mtu wa kukagua ngozi.

Zoezi hili halimwinui mtu kwenye kiti cha magurudumu. Linajenga misuli, linasukuma damu, na mwanamichezo anapata tena mechi ya kujiandaa nayo.