Piga Picha ya Uyoga Kabla ya Kuuchuma

Mvua za masika zinaponyesha, kati ya Machi na Mei, uyoga huchipuka misituni na kandokando ya vichuguu. Watu wa Kakamega na kwingineko wanaujua utamu wake. Lakini uyoga mmoja ni kitoweo, na mwenzake unaofanana nao ni sumu. Kwa hiyo yafaa mkulima ajifunze kuutazama vizuri, na siku hizi kamera iliyo katika simu yaweza kumsaidia sana.

Picha ya uyoga uliochumwa na kutupwa kapuni haina faida kubwa. Mtaalamu hutaka kuona uyoga mzima, na mahali ulipoota. Fuata mashauri haya:

1. Piga picha asubuhi, penye kivuli chepesi. Jua kali hufanya kofia nyeupe ing'ae mno, hata alama zake zisionekane. Pakiwa na giza, shika karatasi nyeupe upande mmoja ili irudishe mwanga.

2. Inama hata simu iwe sawa na uyoga. Usisogee karibu mno. Picha ikiwa na ukungu, rudi nyuma kidogo. Egemeza mkono juu ya jiwe au gogo usitikisike.

3. Piga picha tatu: ya juu ya kofia, ya ubavuni pamoja na shina, na ya chini ya kofia, penye vipande vyembamba vilivyopangwa kama kurasa za kitabu.

4. Weka rula au sarafu ya shilingi kando yake, ili ukubwa ujulikane.

5. Piga picha moja zaidi ya mahali penyewe: mti ulio karibu, kichuguu, au gogo lililooza.

Kisha chimbua uyoga mmoja polepole kwa kijiti, wala usiukate kwa kisu. Shabaha ni hii: uyoga wa mchwa una mzizi mrefu unaoshuka hata ndani ya kichuguu, kwa maana mchwa nao ni wakulima, hulima kuvu katika bustani zao chini ya ardhi. Lakini uyoga wengi wenye sumu wa jamii ya Amanita una kifuko kama kikombe chini ya shina. Anayekata juu ya udongo huiacha dalili hiyo ardhini.

Jioni, weka kofia juu ya karatasi, nusu nyeupe na nusu nyeusi, uifunike kwa bakuli. Asubuhi utaona mbegu zake zimeanguka kama vumbi. Piga picha rangi yake. Uyoga uitwao Chlorophyllum molybdites, unaoota malishoni, ni mweupe na wa kupendeza, lakini vumbi lake ni la kijani. Anayeula hutapika na kuharisha vibaya.

Picha zako waweza kumwonyesha Bwana Shamba, au mtaalamu wa hifadhi ya mimea katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Lakini kumbuka: picha peke yake haitoshi kuruhusu uyoga uingie chunguni. Hata mtaalamu hukosea kwa picha.

Wako wanaosema kwamba uyoga ulioliwa na konokono ni salama, au kwamba kuchemsha huondoa sumu. Maneno hayo si kweli. Sumu kali ya Amanita haiharibiki kwa moto. Mgonjwa huanza kutapika baada ya saa 6 hata 24. Halafu huonekana amepata nafuu, kumbe ini linaharibika. Mtu akiugua baada ya kula uyoga, msingojee. Mpelekeni hospitali upesi, na mchukue mabaki ya uyoga pamoja na picha.

Wafundisheni watoto pia: uyoga usiojulikana hupigwa picha, hauliwi.