Prostati, vyuma vilivyo mwilini na picha za hospitali: mambo ambayo wababa wasiyafiche



Mwaka uliopita nilimsindikiza mzee mmoja wa kanisa letu kwenda kupigwa picha ya IRM ng'ambo ya mpaka. Miaka ya nyuma alitibiwa kansa ya prostati, ile ambayo wengine huiita tezi dume, kwa njia ya miale. Sasa vipimo vya damu vilionyesha kwamba huenda ugonjwa umerudi. Binti yake alikuja nasi ili amtafsirie.

Kabla ya kumwingiza kwenye mashine, mfanyakazi aliuliza kama mgonjwa ana chuma chochote mwilini. Binti akamgeukia: "Papa, wanauliza kama uko na chuma ndani ya mwili."

Mzee akajibu bila kusita, "Hapana, mtoto wangu."

Lakini alipobadilisha nguo, mfanyakazi yule aliona kovu la zamani karibu na nyonga. Akasimamisha kazi yote na kuagiza mzee apigwe radio kwanza. Picha ilipotoka, tuliona mambo mawili. Karibu na nyonga kulikuwa na kipande chenye ncha, mabaki ya vita ambayo mzee aliyabeba kwa miaka mingi hata akayasahau. Na katikati, chini ya kibofu, kulikuwa na punje tatu nyeupe, ndogo kama za mchele. Hizo hakuwa amezisahau. Ni dhahabu aliyowekewa ndani ya prostati wakati wa matibabu.

Jioni aliniambia, "Mchungaji, nilishindwa kutaja prostati mbele ya binti yangu."

Naandika haya kwa ruhusa yake, bila jina lake, kwa sababu najua hayuko peke yake.

Kwa nini chuma huwekwa ndani ya prostati?

Prostati ni tezi ndogo iliyo chini ya kibofu cha mwanaume, nayo huzunguka njia ya mkojo. Mwanaume anapozeeka, mara nyingi huvimba, na uvimbe huo si lazima uwe kansa. Madaktari wanaweza kuweka vitu ndani yake kwa sababu mbalimbali.

Kwanza, kuna punje za dhahabu kama za mzee wetu. Kwa kawaida huwa tatu, kila moja ikiwa na urefu wa milimita 3 hadi 5. Hazitibu chochote. Ni alama tu. Prostati husogea kidogo kila siku kulingana na kujaa kwa kibofu na utumbo, kwa hiyo mashine ya miale hutafuta punje hizo ili ipige mahali panapotakiwa.

Pili, kuna punje za titani zenye dawa ya miale ndani yake, mara nyingi ayodini 125. Mgonjwa mmoja huwekewa makumi kadhaa, na wengine hupita 100. Nguvu ya ayodini hiyo hupungua kwa nusu kila baada ya siku 60 hivi, kwa hiyo baada ya mwaka mmoja inabaki kidogo sana. Lakini ganda la titani hubaki mwilini maisha yote. Mara nyingine punje moja huhama kwa njia ya damu na kuonekana kwenye picha ya mapafu. Daktari asiyejua historia yako atashangaa imetoka wapi.

Tatu, kuna vibana vidogo vya chuma ambavyo huwekwa kwa mtu mwenye uvimbe usio wa kansa, ili kuvuta nyama ya prostati kando na kufungua njia ya mkojo.

Kuna pia jeli inayowekwa kati ya prostati na utumbo ili kuukinga utumbo na miale. Hiyo si chuma, nayo huyeyuka ndani ya miezi kama 6. Lakini kabla haijayeyuka, kwenye IRM inaweza kung'aa kama maji, na msomaji wa picha akaidhania ni kitu kingine.

Chuma hufanya nini kwenye picha?

Mashine hazifanyi kazi kwa njia moja.

Radio na skana hutumia miale inayopita mwilini. Nyama huiacha ipite kwa wingi, mfupa huizuia kiasi, na chuma huizuia karibu yote. Kwenye radio ya kawaida hilo si tatizo kubwa, kwa kuwa chuma huonekana wazi kama doa jeupe. Kwenye skana, kompyuta hukusanya picha za pande zote na kuziunganisha, na hapo chuma hutawanya michirizi myeupe na myeusi. Ni kama jua linapopiga bati jipya mchana: bati unaliona sana, lakini kilicho kando yake hukioni.

IRM haitumii miale. Hutumia sumaku kubwa. Mashine nyingi zina nguvu ya tesla 1.5, ambayo ni kama mara 30,000 ya nguvu ya sumaku ya dunia yenyewe. Sumaku hiyo hupanga chembe za maji zilizo mwilini, na mashine husikiliza ishara zake. Chuma hupinda nguvu hiyo ya sumaku mahali kilipo. Fikirini jiwe katikati ya mto: maji hayavurugiki pale penye jiwe tu, huvurugika pia mbele yake na nyuma yake. Kwa hiyo punje ndogo inaweza kuacha shimo jeusi lililo kubwa kuliko yenyewe.

Picha inayovurugika zaidi ni ile inayoonyesha jinsi maji yanavyotembea ndani ya nyama, na hiyo ni kati ya picha zinazosaidia sana kutambua kansa ya prostati. Hata hewa iliyo katika utumbo mkubwa huiharibu. Ndiyo maana wagonjwa wengine huombwa kwenda chooni kwanza. Damu iliyobaki baada ya kuchukuliwa kipande cha prostati kwa uchunguzi pia huchafua picha, na mara nyingi daktari husubiri wiki 6 au zaidi.

Kuharibu picha ni tofauti na hatari

Hapa tusichanganye mambo. Dhahabu na titani hazivutwi na sumaku. Mtu mwenye punje hizo kwa kawaida anaweza kuingia kwenye IRM kwa usalama. Vile vibana navyo kwa kawaida vinaruhusiwa, mradi masharti ya mtengenezaji yafuatwe. Shida yao ni kwamba vinaweza kuficha sehemu ya prostati, na daktari anapaswa kujua hivyo anaposoma.

Vyuma vya vita ni habari nyingine. Risasi ya risasi tupu na shaba haivutwi, lakini risasi nyingi za bunduki zinazotumika kwetu zina chuma cha pua ndani au katika ganda lake, na vipande vya mabomu mara nyingi ni chuma cha pua. Hivyo vinaweza kuvutwa au kupata joto. Kipande kilicho karibu na jicho, uti wa mgongo au mshipa mkubwa wa damu kinaweza kuleta madhara makubwa. Hapa Rutshuru, na katika hospitali za Goma kama CBCA Ndosho na HEAL Africa, madaktari wamewapasua watu wengi waliojeruhiwa kwa vita. Si kila kipande hutolewa. Mara nyingi ni salama zaidi kukiacha kuliko kukichimba. Basi wako wengi kati yetu wanaotembea na chuma ambacho hakimo katika karatasi yoyote.

Kwa mzee wetu, madaktari waliamua kuacha IRM. Kile kipande hakikujulikana ni cha namna gani, na kwa kuwa kilikuwa karibu na prostati, kingeharibu picha hata kama kisingemdhuru. Walitumia skana na kuchukua kipande cha nyama kwa uchunguzi. Njia ilipatikana kwa sababu ukweli ulijulikana mapema.

Tufanye nini?

Ukiwekewa kitu chochote mwilini, omba karatasi inayosema ni nini, kimetengenezwa kwa chuma gani, tarehe gani na hospitali gani. Sisi tunajua kukimbia. Nyumba huachwa wazi na karatasi hupotea njiani. Basi piga picha ya karatasi hiyo kwa simu, kisha umtumie mtoto au ndugu anayekaa mji mwingine.

Mbele ya mashine, taja kila kitu: punje, vibana, risasi, vipande vya bomu, misumari na vyuma vya mifupa. Taja pia tarehe ya mwisho ya kuchukuliwa kipande cha prostati. Usiamue mwenyewe kwamba kitu fulani ni kidogo mno. Mpiga picha akijua, anaweza kubadilisha namna ya kupiga, au daktari akachagua kipimo kingine.

Chukua picha zako za zamani. Zitamsaidia daktari kutofautisha punje ya zamani na jambo jipya.

Na kama kuna jambo usiloweza kusema mbele ya binti au mkwe, omba kuongea na mhudumu faragha. Hiyo ni haki yako. Ninyi watoto mnaowasindikiza wazazi, tokeni nje kidogo bila kungoja kuombwa. Kama lugha ni ya kigeni, tafuteni mwanaume wa rika lake amtafsirie.

Neno kwa kanisa

Askofu Mkuu Desmond Tutu aligunduliwa kuwa na kansa ya prostati mwaka 1997, naye aliizungumzia waziwazi. Aliishi hadi Desemba 2021. Nelson Mandela alitibiwa kwa miale mwaka 2001, akiwa na miaka 83, na dunia yote ikajua. Heshima yao haikupungua.

Katika mikutano ya wababa tunazungumza juu ya ada za shule, mashamba na usalama. Tuzungumze pia juu ya mkojo usiotoka vizuri, kuamka mara nyingi usiku, na damu katika mkojo. Tukumbushane kwamba kansa hii inaweza kuanza bila dalili yoyote, kwa hiyo aliyefika miaka 50 amwone daktari hata kama hasikii maumivu.

Naamani alikuwa jemadari mkuu, na njia ya kupona kwake ilifunguliwa na maneno ya msichana mtumwa. Mzee wetu naye, tuliporudi, alimwita binti yake wakakaa chini ya mti wa parachichi, akamweleza yote. Binti alilia kidogo, kisha akasema, "Papa, ungeniambia tangu zamani, tungebeba pamoja." Sasa ni yeye anayetunza karatasi zake.